Laki nne na nusu ya kozi ya modeli za kifedha, naambiwa "fuata templeti"

Sikuwa na mpango wa kuandika hii, ila jana nimefungua lile faili la Excel hasira zikanipanda upya.

Mi ni mhasibu hapa Dar, nataka kuhamia benki za uwekezaji, basi miezi kadhaa nyuma nikalipia kozi ya mtandaoni ya kujenga modeli na kuthamini kampuni. Darasa la nne kama sikosei, tunathamini kiwanda cha saruji cha kubuni, cha hapahapa bongo, mauzo shilingi, gharama shilingi, kila kitu shilingi. Mkufunzi kufika kwenye WACC (wastani wa faida wanayodai wenye hisa na wakopeshaji, ndiyo riba ya kushushia keshi za mbele ziwe thamani ya leo) kachukua riba ya dhamana za serikali ya Marekani za miaka 10, kaweka asilimia 4, kajumlisha vikorokoro vyake ikafika 9, huyo kasonga mbele.

Nikaomba kuongea, kwa adabu kabisa. Mwalimu samahani, hiyo riba si ya dola? Na keshi yetu ni ya shilingi? Maana hati fungani ya miaka 20 ya serikali yetu imewahi kulipa kuponi ya 15.49, sasa nani ataacha hiyo akahangaike na saruji kwa 9?

Akacheka. "Mdogo wangu, templeti hii wanatumia London. Fuata templeti, falsafa utaleta baadaye." Akanimyuti. Darasa zima linaangalia.

Falsafa!! Haya chukua keshi ya mwaka wa mwisho bilioni 10, inakua 5% milele. Kwa riba ya 9, thamani ya mwisho, yani ya keshi zote za baada ya mwaka huo, ni bilioni 262.5. Kwa 15 ni bilioni 105. Kiwanda kilekile, mashine zilezile, bilioni 157 na nusu zimetokea hewani kwa sababu mtu mzima anaona uvivu kubadilisha seli moja. Ukimpelekea mteja hiyo akanunua je?

Nikauliza tena kwenye grupu la WhatsApp, meseji ikafutwa. Jibu nimekuja kulipata bure kabisa YouTube kwa Profesa Damodaran wa New York University, anasisitiza kila siku kwamba keshi na riba lazima ziwe za sarafu moja, na ana mpaka jedwali la hatari za nchi, Tanzania tupo. Bure!

Kwa hiyo msiende. Yani nilikuwa naishia hapo.

Sasa shida ni kwamba wiki hizi nimeitwa intavyuu sehemu, swali la kwanza: gharama ya uchakavu wa mali ikiongezeka 10 nini kinatokea kwenye taarifa zote tatu za fedha, yani ya faida, ya keshi na mizania? Nikajibu bila hata kumeza mate, kodi 30%, faida inashuka 7, keshi inapanda 3, mali za kudumu zinashuka 10, mizania inabalansi 7 kwa 7. Na hicho nimefundishwa na huyuhuyu jamaa, darasa la pili, alirudia mara tatu mpaka kila mtu akaelewa, sijui siku ile alikuwa amekula nini.

Kwa hiyo labda nenda, madarasa matatu ya mwanzo, ukifika WACC zima kompyuta. Ila laki nne na nusu kwa nusu kozi? Hapana bwana. Na ile myuti sijamsamehe.