Uzoefu Wangu na Filamu za David Cronenberg

Kwa wiki sita nilizitazama filamu za David Cronenberg, mwongozaji aliyezaliwa Toronto mwaka 1943, nikizifuata kadiri zilivyotoka mwaka hadi mwaka, na mpangilio huo ndio uliokuwa kosa langu. "Shivers" ya 1975, inayohusu vimelea vinavyosambaa katika jengo la ghorofa huko Montreal, ina wazo zito lakini uigizaji wake ni mkavu, nami nusura niishie hapo.

Kilichonirudisha ni "The Fly" ya 1986. Mwanasayansi Seth Brundle, anayeigizwa na Jeff Goldblum, anaingia katika mashine yake ya kusafirisha vitu bila kujua kwamba nzi ametangulia ndani, na vinasaba vyao vinachanganyika. Nilitarajia kukutana na dude la kutisha. Nikakutana na mgonjwa. Kucha zinang'oka, meno yanadondoka, naye anavihifadhi viungo vyake katika kabati la bafuni, huku mwanamke ampendaye, anayeigizwa na Geena Davis, akimwona anavyokwisha siku baada ya siku. Aliyewahi kumuuguza mtu nyumbani atayatambua hayo kabla ya kumfikiria nzi. Chris Walas na Stephan Dupuis walipata Oscar kwa kazi ya kuigeuza sura ile, na kwa kuwa ni ngozi bandia iliyoundwa kwa mikono na kuvaliwa na mwigizaji mwenyewe, kwangu haijachakaa hata kidogo.

"Videodrome" ya 1983, ambamo tumbo la bosi wa kituo cha televisheni linapasuka na kumeza mkanda wa video, inasifiwa sana. Mimi nusu yake ya pili ilinipotea, na kuirudia hakukunisaidia.

Iliyonitisha kuliko zote ni "Dead Ringers" ya 1988, ingawa damu yake ni chache. Jeremy Irons anaigiza mapacha wawili, madaktari wa magonjwa ya wanawake, kwa namna ambayo baada ya dakika chache nilimjua kila mmoja kwa mkao wake tu. Mmoja wao, akili ikiwa imeanza kumtoka, anaagiza vyombo vya upasuaji vya umbo la ajabu, kisha anaingia navyo chumba cha upasuaji akiwa amevaa joho jekundu.

Mke wangu, ambaye kwa kawaida hukimbia filamu za kutisha, aliketi nami katika "The Fly" hadi mwisho. Katika hii aliviona vyombo vile, akainuka, akaenda kulala.