Nyumba ya Kasapa niliyoiona mwezi wa tano

Tulikuwa tunakaa Kamalondo, katikati ya watu, hapa Lubumbashi, Kongo. Vyumba viwili, mlango unaotazamana na mlango wa jirani, watoto watatu kitanda kimoja. Kamalondo ina raha yake, siikatai: ukitaka mkate saa nne usiku unamtuma mtoto, na muziki wa baa unaupata bure, utake usitake. Lakini kodi ilipopanda mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, nilimwambia mume wangu twende tukatafute huko wenzetu wanakojenga, Annexe.

Kwa asiyeijua Lubumbashi, Annexe ni ile komini, yaani wilaya ya mji, inayozizunguka komini nyingine sita. Mji ukinenepa, unanenepea huko. Sisi tuliangukia upande wa Kasapa, mbele ya chuo kikuu. Unaiacha lami, unaingia vumbi jekundu, unatembea.

Komisionere, yaani dalali wa nyumba, alitupeleka kuiona nyumba mwezi wa tano. Lupango, yaani kiwanja chenye uzio, kubwa, miembe miwili, kichuguu kirefu kuliko paa kimesimama kule nyuma, na kisima ambacho ukiinama unaona uso wako. Njia kavu, imekandamizwa na magari kama sakafu. "Mama, hapa watoto watacheza mupaka watachoka," akasema. Kodi dola 130, na Kamalondo tulikuwa tunatoa 180. Mwenye nyumba alidai garanti, yaani pesa ya dhamana, ya kodi ya miezi sita. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kuishi isizidi mitatu, nikamwambia hivyo, akacheka kwa heshima. Tukaishia minne. Nilikuwa nimeshaipenda miembe, na yeye alikuwa ameshaona.

Ninachotaka kusema kwa anayetafuta nyumba huku ni hiki: mwezi wa tano ni mwongo. Mvua imekwisha juzi, maji bado yako juu kisimani, matope yamekauka na vumbi halijaanza kupanda. Kila lupango inapendeza. Kartie hizi, yaani mitaa hii, zina sura mbili nyingine, na hizo ndizo utakazoishi nazo.

Sura ya kwanza ni mwezi wa kumi. Kamba tuliyoikuta kisimani haikufika majini. Tukaunga kipande, tukapiga fundo. Wiki mbili baadaye tukaunga kingine. Ndoo ilikuwa inagonga chini, inalala ubavu, na inabidi uitikise kamba taratibu mpaka ijigeuze yenyewe. Inapanda na maji ya kahawia, robo ya ndoo. Unayamwaga kwenye beseni, unayaacha yalale mpaka asubuhi, kisha unachota juu juu kwa kikombe bila kugusa chini. Hayo ni ya kuoshea. Ya kunywa tulinunua kwenye foraji ya jirani, kisima kirefu cha pampu, kwa bidoni (dumu) ya lita 20, na bado tuliyachemsha. Foraji nayo inangoja umeme. Umeme ukirudi saa nane usiku, hakuna anayepiga simu: unasikia maji yanaanguka ndani ya tangi tupu, na ndani ya dakika tano akina mama wote wako njiani na bidoni, kila mmoja na kitambaa chake kichwani. Mambo yote ya mtaa niliyajulia pale, nani ameolewa, nani amefukuzwa kazi. Mwisho wa mwezi nilikaa nikapiga hesabu ya maji, makala (makaa ya kupikia) na nauli. Zile dola 50 tulizodhani tumeziokoa hazikuwapo.

Tazama pia choo kiko wapi. Si cha kwenu peke yake. Cha kwetu kilikuwa mbali vizuri na kisima. Cha jirani kilikuwa nyuma tu ya ukuta, upande wa juu.

Sura ya pili ni mwezi wa kwanza, mvua ikiwa kamili. Manseba, yule dereva wa pikipiki ya abiria, anakufikisha penye dimbwi la kwanza, anakwambia, "Mama, mwisho ni hapa." Nauli haipungui. Unavua viatu, unatia kwenye mfuko. Pale inapoanzia lami kuna kijana mwenye beseni anayeosha watu miguu kwa pesa kidogo, na mimi namwona ni mfanyabiashara mwenye akili kuliko wote wa Kasapa. Ukishamaliza kuoshwa, basi limejaa wanafunzi. Chuo kikifunga unapata kiti. Kikifunguliwa, amka saa kumi.

Kichuguu sasa. Mwaka wa kwanza, mvua ya kwanza ilipopiga, inswa, yaani kumbikumbi, walitoka humo jioni kama moshi. Watoto waliweka taa juu ya beseni la maji, wakajaza. Tulikaanga, tukala na bukari (ugali), na jirani tuliyekuwa hatujaamkiana naye tangu tuhamie akaja na sahani yake. Sijawahi kuishi jioni kama ile Kamalondo. Mwaka uliofuata, mwenye nyumba alikiuza kwa wachoma matofali, bila kutuuliza, maana udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu. Siku tisa walichimba. Waliondoka na kichuguu, na hawakuishia usawa wa ardhi. Wakatuachia shimo mita mbili kutoka dirisha la watoto. Mvua ikalijaza, mbu wakahamia. Nilipolalamika, alinijibu kwamba mimi nimepanga nyumba, sikupanga udongo.

Wanaonunua lupango nao wana matatizo yao. Udongo wa Kongo ni mali ya serikali, ndivyo sheria ya 1973 inavyosema, na kinachokulinda ni cheti cha usajili. Huku wengi wana karatasi ya shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) tu, na lupango ya pili kutoka kwetu ina wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Nikiulizwa nyota, natoa tatu kati ya tano. Mbona bado niko? Lengalenga (mchicha) na matembele nalima mwenyewe, sijanunua tangu mwaka wa kwanza. Watoto wana chumba. Lile shimo tuliligeuza la takataka, karibu linajaa, mume wangu anataka kupanda migomba juu yake. Na usiku ni kimya kweli. Hapo komisionere hakudanganya.

Mwezi uliopita nimemwona tena komisionere yule yule, analeta mke na mume kwenye nyumba ya mkono wa kushoto. Mwezi wa tano. Nilimsikia anataja watoto na kucheza. Yule mama aliinama kisimani, akatabasamu. Niliwangoja wanaume watangulie mbele, nikamwita pale ukutani, nikamwonyesha kamba yetu na mafundo yake mawili.