Uzoefu wangu: kutafuta vizimba vikubwa vya hamsta vya kuuza dukani Nairobi

Vizimba vya hamsta, yule panya mdogo wa kufugwa nyumbani, vilivyozagaa sokoni hapa mjini vina sakafu ya sentimita 47 kwa 30. Zidisha: sentimita 1,410 za mraba, yaani karatasi mbili za A4 na kipande. Ndani kuna gurudumu la plastiki la kipenyo cha sentimita 12, kibakuli, na kighorofa cha kupendezesha. Nimeviuza. Wiki mbili baadaye mteja anarudi kuulizia dawa ya hamsta anayeguguna nyaya usiku kucha, na dawa yenyewe ni kizimba kingine.

Kipimo ninachoshika sasa ni sentimita 100 kwa 50, kimo 50. Ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na TVT, chama cha madaktari wa mifugo wa Ujerumani kinachoshughulikia ustawi wa wanyama. Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kilifanya utafiti uliolinganisha hamsta wa dhahabu, ambao ndio hamsta wa Syria, katika vizimba vya sentimita 1,800, 2,500, 5,000 na 10,000 za mraba. Waliokaa kwenye vidogo waliguguna nyaya mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Katika utafiti mwingine watafiti wa hapohapo wakapima kina cha matandiko: sentimita 10, 40 na 80. Wa sentimita 10 ndio waliozidi kuguguna. Haishangazi, kwani mashimo ya hamsta wa porini kule Syria yana kina cha wastani wa sentimita 65. Kwa hiyo kwa mwenye duka vipimo ni viwili, sakafu isiyokatika na kina cha kushika matandiko. Ghorofa sizihesabu. Hamsta haoni vizuri umbali wa kwenda chini. Anajitupa tu, na akianguka sentimita 40 juu ya plastiki tupu mguu unaweza kuvunjika.

Nimejaribu njia nne za kupata kizimba cha kipimo hicho.

Kuagiza kutoka nje. Bidhaa ipo, shida ni hewa unayoilipia. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 6,000. Kizimba cha 100 kwa 50 kwa 50 kilichokwisha kuunganishwa kinatoka karibu kilo 42, ingawa ukikiweka kwenye mizani hakifiki hata 15. Kwa meli unahesabiwa CBM, yaani mita za ujazo, na vizimba vinne tu vinajaza moja nzima. Kwa hiyo agiza vinavyokuja vimekunjwa bapa, la sivyo acha. Kabla ya kulipa, dai picha ya sakafu ya ndani ikiwa na tepu juu yake, maana kipimo cha kwenye tangazo huwa cha nje, pamoja na miguu na vishikio. Uliza pia kina cha trei ya chini na nafasi kati ya waya na waya kwa milimita. Hamsta wa Syria hataki zaidi ya 10, na wale wadogo, kama Roborovski, hawataki zaidi ya 7. Shehena yangu ilikuja na trei ya sentimita 8. Ukimwaga maranda ya sentimita 20 humo, asubuhi yote yako sakafuni kwa mteja. Nikavimaliza kwa bei ya hasara.

Kuna wanaoshawishika na kizimba cha sungura kwa sababu ni kikubwa na kipo tayari. Nafasi za nyaya zake huwa kama sentimita 2.5. Hamsta atapita hapo kabla hujafunga mlango wa duka.

Sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo. Ni rahisi na linapatikana kila mahali, lakini usinunue kwa lita. Masanduku hayo huwa mapana juu na membamba chini. La lita 120 nililolipima lilikuwa 78 kwa 56 mdomoni, na chini 68 kwa 46. Sakafu halisi ni sentimita 3,128 za mraba, wala si 4,368. Mfuniko unakatwa dirisha na kuwekwa wavu. Kata kwa kisu cha kupasha moto au msumeno wa meno madogo polepole, kwani grainda huyeyusha plastiki na kuacha kingo zenye makovu. Wavu ufungwe kwa bolti na washa, si gundi. Mimi nimebaki nayo mawili nyuma ya duka kwa hamsta mgeni anayesubiri kuchunguzwa. Hayauzwi.

Tangi la kioo. Fundi wa vioo anayetengeneza matangi ya samaki anaweza kukuundia la 100 kwa 50 kwa 50 kwa siku mbili tatu. Kwa kuwa halitabeba maji, kioo cha milimita 5 kinatosha, ila mafundi wengi watasisitiza 6. Ya milimita 6 ina kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Tangi hilo linakula mita 2 kamili, kwa hiyo unabeba kilo 30 likiwa tupu. Boda hailigusi. Mteja wa ghorofa ya tano Roysambu, jengo lisilo na lifti, atakupigia simu kutoka ngazini.

Silikoni iwe ile ya matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuua kuvu. Ya bafuni ina dawa hiyo. Iache siku tatu ikauke mpaka harufu ya siki iishe. Kosa ambalo hulioni mpaka umeshalipa ni la kimo. Ukijaza matandiko sentimita 25, zinabaki 25 juu, na gurudumu la hamsta wa Syria lina kipenyo cha 28 hadi 30. Linagusa wavu na kukwama. Suluhisho ni kuweka mteremko: upande mmoja matandiko 30, mwingine 10, na gurudumu likae upande wa 10 juu ya kibao kilichosimama kwenye sakafu ya kioo. Usiliweke juu ya matandiko moja kwa moja. Hamsta atachimba chini yake na litamwangukia.

Kwa maonyesho dukani tangi halina mshindani. Mtoto anaona handaki likipita pembeni ya kioo, na mzazi anaelewa bila maneno mengi. Ninalo moja dirishani. Kuliweka kama bidhaa ya rafuni, hapana.

Kizimba cha plaiwudi. Hiki ndicho nilichobakisha, na sababu iko kwenye karatasi yenyewe ya plaiwudi. Karatasi ni futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122. Ukiikata kwa upana inatoa vipande vinne vya 122 kwa 60, na msumeno ukila milimita 3 kila mkato bado unabaki na ziada. Kipande cha kwanza ni sakafu, cha pili mgongo, cha tatu unakigawa katikati kupata mbavu mbili. Cha nne unakipasua kwa urefu: nusu moja inakuwa ukuta wa mbele wa kimo cha sentimita 30 wa kuzuia matandiko, nusu ya pili inakuwa kibao cha gurudumu na vyumba vya kujificha. Ukiomba 100 kwa 50, karatasi ni ileile moja na makombo yanabaki kwa fundi. Kwa hiyo nauza 120 kwa 60, kimo 60, bila kuongeza hata shilingi ya mbao. Juu ya ukuta wa mbele zinabaki sentimita 30. Hapo unaweka kioo chembamba au perspeksi (plastiki angavu) ya milimita 4. Kimo hicho pia kinamaliza ugomvi wa gurudumu: 25 za matandiko, 31 za gurudumu na stendi yake, na bado halijagusa mfuniko.

Fundi wangu yuko Gikomba. Siku ya kwanza alitazama mchoro akasema, "Mkubwa, hii ni ya kuku wangapi?" Nikamwambia panya mmoja. Alicheka, kisha akauliza kama alipwe nusu kwanza au yote, swali ambalo ni langu kuuliza.

Mwelekeze haya kabla hajashika msumeno, kwa sababu kila moja limewahi kuniharibia kizimba. Plaiwudi iwe ya milimita 12. Bodi ya unga wa mbao uliogandamizwa hufura ikipata mkojo, na kingo zake hufunguka kama mkate uliolowa. Vipimo ni vya ndani. Skrubu na gundi ya mbao, misumari peke yake hulegea pindi kizimba kinapobebwa na watu wawili wasioelewana. Dawa ya mchwa isipakwe kabisa. Vanishi iwe ya maji, mikono miwili, na kizimba kikae wazi angalau wiki moja kabla ya kuingia mnyama. Ya mafuta inanuka mwezi mzima.

Sakafu naitandika mkeka wa mbao, ule wa plastiki wanaouza kwa mita kwa ajili ya sebule. Unapanda ukutani sentimita 5, na kingo zake zinabanwa na ubao mwembamba uliopigwa skrubu. Ukiacha kingo wazi hamsta ataanza kuzitafuna. Pembe moja ndiyo itakuwa choo chake, karibu kila mara ni ileile, na bila mkeka mkojo unapenya kwenye plaiwudi na kunuka hata ukiosha.

Wavu wa mfuniko ndipo wengi wanapokosea. Wa kuku, wenye matundu ya pembe sita, ni mwepisi kutafunwa na mguu unanaswa. Wa nusu inchi unazidi zile milimita 10: unaweza kumzuia hamsta wa Syria aliyekomaa, lakini mtoto wake anapita, na wale wadogo pia. Ulizia wavu wa kuanikia kahawa wenye matundu ya mraba ya robo inchi. Ukiupata wa upana wa futi nne, unakata sentimita 60 tu na mfuniko umekamilika. Ncha zilizokatwa zifichwe chini ya ubao, upande wa ndani upapaswe kwa kidole. Kisha chukua penseli ya kawaida, ambayo ina unene wa kama milimita 7, uipitishe pande zote mfuniko unapokutana na ubao. Ikiingia, kizimba kinarudi kwa fundi. Nimerudisha viwili kwa penseli hiyo.

Gharama yangu kwa kimoja: plaiwudi 3,200, wavu 1,400, mkeka 600, vanishi na gundi na skrubu na bawaba 1,200, ufundi 3,000. Jumla shilingi 9,400. Ni pesa nyingi kuliko kile kidogo cha waya, na wapo watakaogeuka mlangoni. Ila kile cha waya hakina faida ukihesabu anayerudi kutaka abadilishiwe.

Matandiko uyauze pamoja na kizimba, la sivyo mteja atamwaga vikombe viwili. Sentimita 25 kwenye sakafu ya 120 kwa 60 ni lita 180, na kwa kuwa unashindilia ili mahandaki yasimame, hesabu magunia mawili ya maranda. Yawe makavu, yamechekechwa vumbi. Ya mtarakwa usikubali hata ukipewa bure. Harufu ile inayofukuza nondo kabatini ndiyo inayochoma mapafu ya mnyama mdogo. Maranda peke yake huporomoka, kwa hiyo nachanganya na nyasi kavu za Boma Rhodes, tabaka kwa tabaka. Kwa kiota, tishu nyeupe iliyochanwa. Pamba usiuze kabisa, nyuzi zake hufunga miguu na kuziba matumbo.

Dukani, kila hamsta wa Syria kwenye kizimba chake. Wawili wakubwa pamoja watapigana mpaka mmoja afe, na mteja akiwaona wawili hapo kwako atakwenda kufanya hivyohivyo. Kwenye nafasi ya rafu naweka kimoja kilichopangwa kikamilifu na vitatu vikiwa vimefunguliwa, mbavu zimelaliana na kufungwa kamba, skrubu kwenye mfuko na bisibisi ndogo juu. Vikiwa hivyo, pakiti ni ya 122 kwa 60, unene wa kiganja, na inalala nyuma ya Probox bila kukunja kiti.

Julai na Agosti nashauri kisiwekwe sakafuni wala chini ya dirisha. Baridi ya usiku ya Nairobi haiui hamsta mwenye matandiko ya kutosha, lakini mwenye sentimita tatu anaweza kuzirai kwa baridi, na mteja akadhani amekufa.

Kasoro niliyonayo bado ni mfuniko. Fremu ya ubao mmoja wa sentimita 120 imepinda kwenye kizimba kimoja kati ya vinne vya mwanzo, na pembe ikanyanyuka milimita 9 baada ya mvua za Aprili. Oda ya sasa nimeomba mfuniko wa vipande viwili vya 60 kwa 60 vinavyokutana juu ya ubao wa katikati, kila kimoja na bawaba mbili na komeo lake. Fundi ameongeza shilingi 500.