Pula ya beringi za usukani: nyota mbili, tena kwa shingo upande

Msinunue. Pula hii, yaani kifaa cha kung'olea beringi kwa kucha, inatangazwa kuwa ndiyo mwisho wa taabu ya beringi za usukani kwenye pikipiki za zamani, nayo haishiki kile ilichoundwa kushika.

Ubovu uko kwenye kucha. Fremu za zamani zinazotumia goroli hazina beringi ya kipande kimoja. Zina vikombe viwili vya kubebea goroli, vilivyobanwa kwenye shingo ya fremu, yaani bomba linalopitisha mhimili wa usukani, juu na chini. Kwa ndani kinachojitokeza ni ukingo mwembamba tu, milimita 1 au 2 hivi, na kuna fremu ambazo hata huo haupo. Sasa mtu anakuletea kucha zenye ncha nene, tena ya mviringo! Ukizipanua zinaparaza, ukikaza zinachomoka, na kila zikichomoka zinakwaruza bomba. Nikazipunguza kwa tupa. Tupa ikazila kama muhogo, maana chuma chenyewe hakijakomazwa, na zikapinda kabla kikombe hakijasogea.

Nilipomlalamikia, muuzaji alijibu kwa mkato: "Fremu yako imechakaa." Fremu imechakaa! Vikombe hivyo hivyo vilitoka kwa nyundo na kipande cha chuma.

Tena si kazi ya ajabu. Mafuta ya kulegeza kutu yalale usiku kucha. Tumia fimbo ya chuma kigumu, si shaba, kwa kuwa shaba inabonyea na kuteleza kwenye ukingo mdogo. Isage ncha iwe bapa yenye kona kali, ipitishe kutoka upande wa pili wa shingo, kisha gonga kushoto, gonga kulia, kwa zamu. Anayegonga sehemu moja tu anakipeleka kikombe mshazari, tundu linatanuka, na kikombe kipya kitacheza humo.

Pasipo na ukingo, chomelea mstari wa welding kuzunguka ndani ya kikombe, bila kugusa fremu. Mstari huo ukipoa unasinyaa na kukivuta kikombe, mara nyingi kinatoka kwa kugusa tu. Betri itolewe kwanza. Na kikombe kibovu usikitupe: kisage kwa nje kilegee, kitakusaidia kugongea kipya bila kuumiza njia ya goroli.

Nisiwe mchoyo: kwenye beringi za gurudumu pula inafanya kazi. Pale kucha zinapita nyuma ya beringi na kupata pa kushika, na nyundo yake ya kuteleza, ule uzito unaovutwa kwenye fimbo ili kung'oa, ina uzito mzuri. Kwa hilo ningetoa nyota tatu.

Lakini nani aliuziwa pula ya gurudumu? Sanduku limeandikwa usukani, kwa herufi kubwa. Mbili zinatosha, na moja kati ya hizo ni ya nyundo peke yake.