Kitabu cha kumbukumbu ya kijana mtembezi: pini, gundi au uzi?

Kijana wa miaka 16 au 17 akifariki, maduka ya uchapaji hutoa kazi ile ile ya siku zote: picha ya sare ya shule kwenye jalada, wasifu wa kurasa mbili, ratiba ya ibada, shukrani. Kwa mzee wa miaka 80 mpangilio huo unatosha. Mtoto aliyekuwa hatulii, aliyepanda mlima, aliyezunguka wilaya nzima kwa baiskeli, anaachwa nje kabisa. Ushauri wetu tunauweka mapema: kijitabu cha siku ya mazishi kiwe kifupi, kurasa 8 tu. Kitabu chenyewe kingoje hadi baada ya arobaini.

Aina tatu za kufunga kitabu ndizo zinazopatikana kwa urahisi, iwe River Road, Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam.

Cha pini ndicho rahisi. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, na kwa karatasi ya gramu 150 (uzito wa mita moja ya mraba) kikizidi kurasa 40 hivi hutuna mgongoni na hakikai kimefungwa. Kwa kijitabu cha mazishi kinafaa, zaidi ya hapo hapana.

Cha gundi kinapendeza siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba kitabu hiki kitafunguliwa mno, tena na mikono ya watu wanaolia. Gundi ya kawaida ya moto hupasuka, kurasa zikaanza kuchomoka moja moja. Pia hakilali wazi, na picha iliyotandazwa kurasa mbili humezwa katikati kama sentimita moja kila upande. Chukua picha ya kundi kileleni Lenana, Mlima Kenya, mita 4,985, kijana kasimama katikati ya wenzake: uso unaozama kwenye mkunjo ni wake yeye.

Cha kushonwa kwa uzi, chenye jalada gumu, ndicho tunachokipendekeza. Ni ghali na huchukua siku nyingi zaidi, lakini kinalala wazi na kurasa hazitoki. Albamu ya kurasa nene, ile ya harusi, nayo ni imara. Ila kurasa zake ni chache, na ukanda wa pwani zile zinazong'aa hugandana kwa unyevu. Chagua zisizong'aa.

Hata hivyo kazi nyingi huharibikia kwenye picha kabla mashine haijawashwa. Ndugu hutuma kwa WhatsApp, nayo kwa kawaida huipunguza picha hadi pikseli 1,600 hivi upande mrefu. Ukurasa mzima wa A4 unahitaji 2,480 kwa 3,508. Hiyo ya 1,600 itatoka safi kwa sentimita 13 tu. Ukiivuta zaidi, uso unakuwa ukungu. Tena hupoteza tarehe na mahali ilipopigwa, navyo ndivyo vinavyowezesha kuchora ramani ya safari zake, ukurasa ambao kitabu cha kijana wa namna hii hakipaswi kuukosa. Zitumwe kama dokumenti, au zihamishwe kwa waya kutoka kwenye simu yenyewe.

Simu hiyo ilindwe. Msibahatishe nywila, wala msimpe fundi aifungue kwa kuiflashi, maana hapo kila kitu kinafutika. Laini iendelee kutumika, kwa sababu namba iliyolala hupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika hufutwa baada ya siku 120, na Google huweza kuifuta yake baada ya miaka 2.

Rangi nayo ina mtego. Juu ya mlima au ufukweni, kamera hufuata mwanga wa anga, na uso mweusi chini ya kofia huonekana kwenye kioo cha simu lakini kwenye karatasi unatoka doa jeusi. Mwambie mpangaji wa kurasa aongeze mwanga wa uso peke yake, kisha dai sampuli ya ukurasa mmoja kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Sampuli ya karatasi nyingine haikuambii kitu.

Maelezo ya picha yaombwe kwa rafiki zake mapema, wakiwa bado wanakumbuka: wapi, lini, nani alikuwepo, nani alianguka mtoni. Kama aliandika kwa Sheng, iachwe Sheng. Mpangaji asimsahihishe marehemu. Namna alivyofariki inatosha sentensi moja, na familia ndiyo iiandike.

Mwishoni agizeni kurasa 4 tupu za karatasi ya kawaida ya gramu 100. Karatasi ile laini ya picha hainywi wino, na kalamu hupakazika mkono ukipita juu yake. Hizo ni za wenzake kuandika.