Kasha la Bastola Kando ya Kitanda: Lipi Linunuliwe Kwanza

Wengi wetu tuliohamia Marekani kutoka Tanzania, Kenya au Kongo tulikua tukiiona bunduki begani mwa askari tu. Kwa hiyo anayeinunua kwa mara ya kwanza huko Houston au Columbus hukutana na swali ambalo nyumbani halikuwahi kumsumbua, nalo ni wapi silaha hiyo ilale usiku. Muuza duka hujibu kwa kutaja kasi, yaani kasha linalofunguka kwa sekunde mbili. Kwa maoni yangu kasi huja mwisho. Kasha la chumbani hununuliwa kwanza kwa ajili ya mtoto, na katika nyumba zetu mtoto huyo mara nyingi si wa mwenye nyumba: siku ya arusi au ya arobaini makoti ya wageni hurundikwa kitandani mwa wenyeji, watoto waliosinzia hulazwa humo humo, na wakiamka hupekua kila droo wanayoifikia.

Sheria za majimbo hazifanani. Texas inaruhusu mtu mzima ashtakiwe iwapo kwa uzembe wake mtoto aliye chini ya miaka 17 ameifikia bunduki iliyo tayari kufyatuliwa. Massachusetts inadai silaha ifungwe kila inapokuwa nje ya udhibiti wa mwenyewe, na sheria ya Michigan ya kuhifadhi silaha mbali na watoto ilianza kutumika tarehe 13 Februari 2024. Soma ya jimbo lako kabla ya kulipa.

Nafasi ya kwanza naipa kasha la chuma lenye kufuli la vitufe vya mitambo, lile linaloitwa Simplex, ambalo kampuni za Fort Knox na V-Line huliweka kwenye makasha yao. Lina vitufe vitano na halitumii betri wala umeme. Kila kitufe hutumika mara moja tu, peke yake au kikibonyezwa pamoja na kingine, kwa hiyo mifuatano yote inayowezekana ni 1,082. Idadi hiyo haimzuii mwizi mwenye subira na mchana mzima, lakini mtoto hawezi kuibahatisha kwa urahisi, na mwenyewe huufungua mfuniko gizani kwa kupapasa. Wapo wanaolalamika kwamba mtu aliyeshtuka usingizini hukosea namba. Mimi naona hiyo ni faida, kwa kuwa kichwa kisichoweza kukumbuka vitufe vitatu bado hakijaamka kiasi cha kutambua kama anayetembea sebuleni ni mwizi au ni shemeji aliyerudi kutoka zamu ya usiku. Bati la kasha la Fort Knox ni la geji 10, yaani unene wa zaidi ya milimita 3, na bei yake huzunguka dola 300. Ni ghali, lakini huna cha kubadilisha ndani yake kwa miaka mingi. Jambo moja usiliache: namba ya kiwandani inajulikana na kila anayeyajua makufuli haya, hivyo ibadilishe siku hiyo hiyo. Katika kesi ya wazazi wa kijana aliyeua wanafunzi wanne katika shule ya Oxford, Michigan, mwezi Novemba 2021, mahakama ilisikia kwamba kasha la bunduki nyingine za nyumbani mwao lilifunguka kwa namba 0-0-0. Wazazi wote wawili walitiwa hatiani mwaka 2024.

Nafasi ya pili ni ya kasha la namba za kielektroniki, na hapa mnunuzi awe macho kuliko popote. Ndani ya makasha ya bei ndogo, kinachozuia komeo lisisogee ni kipini kidogo kinachovutwa na sumaku ya umeme na kurudishwa na springi. Springi ikiwa dhaifu, kasha likigongwa kipini huruka na komeo huachia bila namba yoyote kubonyezwa. Mwaka 2012 wataalamu wa makufuli wa Marekani walimrekodi mtoto wa miaka mitatu akifungua kasha la bunduki kwa kuliinua upande mmoja na kuliachia lidondoke. Kwa hiyo kasha likifika nyumbani, lifunge likiwa tupu, uliangushe juu ya zulia kutoka kimo cha kiganja mara kumi kwa pande zote, ulitikise, uligonge kwa ngumi juu ya vitufe. Likifunguka hata mara moja, lirudishe dukani, na hakikisha hujatupa risiti. Pima vilevile kama bisibisi inaingia kwenye upenyo wa mfuniko, maana bati la geji 18, ambalo ni jembamba kuliko la geji 10, hukunjika bila jasho. California, ambako tangu 2002 silaha inayouzwa sharti iambatane na kifaa cha usalama kilichoidhinishwa, huchapisha orodha ya vifaa vilivyofaulu majaribio, na mtu wa jimbo lolote anaweza kuisoma bure. Betri zibadilishwe kila saa zinaposogezwa, Machi na Novemba, nao ufunguo wa dharura usikae chumba kimoja na kasha.

Kasha la alama za vidole, ambalo ndilo linalotangazwa kuliko yote, naliweka nafasi ya tatu, na hata hapo kwa kusitasita. Oktoba 2023 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitangaza kuondolewa sokoni kwa makasha yapatayo 61,000 ya kampuni moja, baada ya kifo cha mvulana wa miaka 12. Kasoro yake ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha, kwani kabla kidole cha mwenyewe hakijasajiliwa ipasavyo, kasha lilikuwa likifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, na mnunuzi aliyeona limemfungukia aliamini kwamba limemtambua. Mapema 2024 kampuni nyingine kadhaa ziliondoa makasha yao kwa tatizo la namna hiyo hiyo. Ukilinunua hata hivyo, sajili vidole vyako, kisha waite watu wazima wote wa nyumbani, kila mmoja ajaribu vidole vyote kumi mara kadhaa. Kumbuka pia kwamba kidole chenye jasho, mafuta ya nazi au hina mbichi mara nyingi hakisomeki, na kwa fundi wa ujenzi au mwosha vyombo ambaye mistari ya vidole imesagika kifaa hiki ni hasara tupu. Yale yanayofunguliwa kwa simu siyapendekezi kabisa. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kasha la kampuni ya Vaultek likifunguliwa kwa njia ya Bluetooth bila namba sahihi, ingawa kampuni ilitoa marekebisho baadaye.

Kufuli la waya, ambalo waya wake hupitishwa ndani ya bastola, na kufuli la kifyatulio, linalokifunika kifyatulio, ni za mwisho. Tangu sheria ya 2005, muuzaji mwenye leseni hawezi kukukabidhi bastola bila kifaa cha namna hii, na mradi wa Project ChildSafe huyagawa ya waya bure kupitia vituo vya polisi. Yanafaa kwa silaha iliyo tupu, iliyotunzwa kabatini na risasi zake zikiwa mahali pengine. Kufuli la kifyatulio lisivalishwe kamwe kwenye silaha yenye risasi, kwani chuma chake hupita pale pale panapofyatua. Chini ya mto, juu ya kabati na nyuma ya picha ya ukutani sikupi nafasi yoyote.

Lolote utakalochagua, lifungwe kwa boliti kwenye sakafu au kwenye fremu imara ya kitanda, kwa kuwa kasha la kilo tano lisilofungwa ni mzigo uliokwisha kufungashiwa mwizi. Anayepanga na hawezi kutoboa sakafu alizungushe kwenye fremu kwa waya wa chuma, ambao makasha mengi huja nao, au aununue kando. Liwe upande unaolala, kimo cha mkono, mfuniko ukifunguka bila kugonga ukuta.

Ipo nyumba moja ambayo kasha lolote halitoshi. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua, na namba ya siri haimzuii anayeijua. Ikiwa mmoja wenu yumo katika msiba mzito, ameachwa, amepoteza kazi au ameanza kusema kwamba amechoka kuishi, bastola itoke nyumbani kwa muda, iende kwa ndugu ambaye sheria ya jimbo inamruhusu kuipokea au kwa duka la bunduki linalokubali kuhifadhi kwa ada. Simu ya namba 988, ya msaada kwa wanaofikiria kujiua nchini Marekani, hupokelewa saa 24, na ndugu anayemhofia mwenzake anaweza kuipiga pia.