Darubini za kukodi za iTelescope: unalipia anga, hulipii ufundi

Picha iliyopigwa kwa darubini iliyoko Australia ni yako wewe uliyekaa Mbagala? Ni yako kama uliamua wewe darubini itazame wapi, kwa filta (kichujio cha mwanga) ipi, kwa dakika ngapi, kisha ukazichakata fremu (picha moja moja za kamera) mwenyewe. Ni nusu yako kama ulipakua data ambayo mtu mwingine ameshaipanga na kuipiga. Na kwa vyovyote kukodi hakukufundishi kufunga darubini na kuiongoza, hata ukilipia miaka kumi. Anayetaka ufundi huo anunue lenzi, stendi na koti la baridi.

iTelescope, kampuni inayokodisha darubini kwa mtandao, ina vituo katika mabara kadhaa, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki chenye maana kuliko vyote ni Siding Spring, karibu na Coonabarabran, New South Wales. Kipo takriban nyuzi 31 kusini, juu ya mlima wa zaidi ya mita 1,100. Saa zake zinatufaa ajabu: mwezi Mei giza kamili la huko huanza kama saa sita mchana kwetu na kuisha kama saa nne usiku. Unaweza kuangalia fremu zikiingia huku unakula ugali, kisha ukalala kama watu wengine.

Kuna sababu nyingine ambayo wenzetu wa Ulaya hawaijui. Sisi tuko karibu na ikweta, na stendi za kufuata nyota zinatusumbua, maana lazima zilenge ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota zote huizunguka. Nyota ya Kaskazini haionekani Nairobi wala Dar es Salaam, na ncha ya kusini ya anga kwa Dar iko chini ya nyuzi 7 juu ya upeo, imezama kwenye ukungu wa pwani. Baadhi ya stendi haziinami hadi kiwango hicho, na zinazoinama, chuma cha uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa tripodi. Ongeza unyevu wa pwani unaotanda juu ya lenzi na taa za mji. Kwa hiyo mtu akisema kukodi ni uvivu, huenda hajawahi kulenga ncha ya anga akiwa Dar.

Kosa la kwanza la wapya ni kuchagua darubini kwa ukubwa wa kioo. Angalia kwanza upana wa picha. Hesabu ni moja: zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli katika maikromita, gawanya kwa urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi au kioo hadi picha inapokusanyika) katika milimita. Jibu ni sekunde za tao, ambazo 3,600 hufanya nyuzi moja. Takahashi FSQ-106, darubini ndogo ya lenzi yenye fokasi ya milimita 530 na pikseli za 9 inakupa sekunde za tao 3.5 kwa pikseli. Kamera ya pikseli 4,096 kila upande inafunika karibu nyuzi 4. Hapo Nebula ya Carina, wingu la gesi lenye upana wa nyuzi 2 hivi, inakaa vizuri na nafasi inabaki. PlaneWave CDK20, darubini kubwa ya kioo yenye fokasi ya milimita 3,454, kwa kamera hiyohiyo inakupa sekunde 0.54 kwa pikseli na upana wa dakika za tao 37 tu (60 hufanya nyuzi moja). Ukiielekeza Carina utapata kipande cha moshi kisicho na mwanzo wala mwisho. Ila kwa galaksi ya NGC 5128, yaani Centaurus A, ndiyo yenyewe. Na usiombe M31, galaksi ya Andromeda, ukiwa Siding Spring: haifiki hata nyuzi 18 juu ya upeo. Hiyo ipeleke kwenye vituo vya Marekani au Hispania.

Mpango wa usiku huandikwa kwa maandishi ya ACP, programu inayoendesha darubini. Huu unafaa kwa Centaurus A:

#repeat 6
#dither 5
#count 4,1,1,1
#interval 300,300,300,300
#filter Luminance,Red,Green,Blue
#binning 1,1,1,1
NGC 5128	13.4244	-43.019

Ni mizunguko 6, kila mmoja fremu 4 za mwanga mweupe (Luminance) na moja moja za nyekundu, kijani na bluu, kila fremu sekunde 300. Jumla ni fremu 42, saa tatu na nusu za mwanga. Rangi zimezungushwa makusudi: wingu likifunga anga katikati ya kazi, bado una seti kamili za rangi zote. Ukiomba nyeupe yote kwanza, utabaki na galaksi isiyo na rangi na salio lililokwisha. #dither husogeza darubini kidogo kati ya fremu. Bila hiyo, kelele ya kamera huchora mistari ya mshazari ambayo hakuna programu inayoifuta vizuri. Mstari wa mwisho ndio unaowaangusha wengi: nafasi kati ya jina na namba ni ya kitufe cha Tab, si ya spesi, na namba ya kwanza ni saa zenye desimali, si nyuzi. Ukiandika 201.37 badala ya 13.4244, usiku umeisha.

Malipo ni kwa alama (pointi), na kila darubini ina bei yake ya saa. Mwezi ukiwa mkubwa bei hushuka. Hapo wapya hufurahi, wakapiga galaksi kwenye mbalamwezi, wakapata anga ya kijivu. Siku za mwezi mpevu piga filta ya haidrojeni, Ha, ambayo haisumbuliwi sana na mbalamwezi. Carina kwa Ha kwa bei ya punguzo ni biashara nzuri. Ongeza fremu chache za sekunde 30, maana kiini chake huungua kwa mwanga mwingi kwenye zile ndefu. Galaksi zisubiri giza la mwezi, na uweke nafasi mapema kwa sababu kila mtu anaitaka wiki hiyohiyo.

Kabla ya kuchakata, pitia fremu moja moja. Nyota zilizorefuka ni uongozaji ulioyumba au upepo. Vivuli vya duara kama pete ni vumbi lisilolingana na flati (picha za kusawazisha mwanga na kufuta vumbi), na huwa flati ni za zamani. Fremu zikiharibika kwa wingu au hitilafu, omba alama zirudishwe ukitaja faili husika. Mistari ya setilaiti isikutishe: ukirundika (ukiunganisha) fremu kumi na zaidi, programu ya Siril, ambayo ni ya bure, huikata yenyewe.

Bando nalo lihesabu. Fremu ya pikseli 4,096 kwa 4,096 ni MB 33, kwa hiyo mpango ule ni GB 1.4. Kamera ya megapikseli 61 hutoa MB 122 kwa fremu, na jumla inapita GB 5.

Data zilizokwisha kupigwa, kama kampuni ya Telescope Live wanavyozitoa sambamba na kuuza muda, ni mazoezi mazuri ya kuchakata. Lakini fremu zilezile ziko kwa waliojiandikisha wengine, na ukitundika matokeo kwenye AstroBin, tovuti ya picha za anga, kuna sehemu ya kutaja chanzo cha data: ijaze ukweli. Sayari na Mwezi usikodi kabisa. Hizo zinataka video ya maelfu ya fremu fupi, na darubini ndogo barazani kwako, Mshtari ukiwa utosini, inazipata vizuri kuliko mashine hizi zote.